Siku moja katika zahanati ya shule ya bweni, mwezi wa kupokea Kidato cha Tano

Ni Julai, Njombe, baridi ya kuuma vidole. Shule ni ya wasichana, na wiki hizi Kidato cha Tano wanaendelea kuripoti kutoka Kigoma, Geita, Mtwara na kwingineko.

Saa 11:30 alfajiri
Viranja wa afya wanaleta karatasi za mabweni: jina na kitanda, tatizo, limeanza lini. Safu ya tatu ndiyo yenye thamani. "Anaumwa" haitusaidii kitu; "kichwa na homa tangu juzi jioni" inatupa pa kuanzia. Anayetapika kila anachomeza, anayeweweseka, aliyepatwa degedege au asiyeweza hata kukaa hapangi foleni. Gari linawashwa kwanza, mwalimu wa zamu anaarifiwa likiwa linanguruma.

Saa 12:15 asubuhi
Foleni inaanza kabla ya mstari wa asubuhi. Kipimajoto kinakaa kwapani mpaka kilie, na kuanzia 37.5 tunaihesabu homa. Kila mwenye homa anapimwa malaria. Wapo wanaosema Njombe hakuna mbu, kwa hiyo tusipoteze vipimo. Mbu hakuhitajika kufika: vimelea vimekuja na basi. Tangu mtu ang'atwe mpaka augue hupita kama siku 7 hadi 14, ndiyo maana wageni wetu huanguka wiki ya pili, wakati kila mtu ameshasahau walikotoka.

Kipimo cha haraka ni rahisi, na urahisi huo ndio unaokiharibu. Futa kidole kwa spiriti, kisha subiri kikauke, la sivyo damu inachanganyika na spiriti. Damu inaingia kitundu chake, matone ya bafa, kimiminika kinachokuja na kipimo, kitundu cha pili, kwa idadi iliyoandikwa kwenye pakiti. Jina na saa viandikwe juu ya kipimo chenyewe kwa kalamu. Vipimo sita vikilala mezani vinafanana kama mapacha. Tunasoma baada ya dakika 15, na kilichopitiliza nusu saa tunakitupa. Mstari wa C, unaoonyesha kipimo kinafanya kazi, usipotokea kipimo kimeharibika, hata kama T, mstari wa malaria, imejitokeza. Na aliyemaliza dawa wiki mbili zilizopita anaweza bado kuonyesha malaria, kwa sababu kipimo kinanasa protini ya kimelea iliyobaki kwenye damu. Huyo anahitaji darubini, sio dozi nyingine.

Saa 2:00 asubuhi
Dawa mseto ya malaria (ALu). Mwenye kilo 35 na zaidi anameza vidonge 4 kwa mkupuo: leo saa 2 asubuhi na saa 10 jioni, yaani baada ya saa 8, kisha kesho na keshokutwa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Jumla 24. Dawa hii inahitaji mafuta ili iingie vizuri mwilini, na uji mweupe wa shule hauna, kwa hiyo mpishi anatuwekea karanga za kusaga. Akitapika ndani ya nusu saa, anarudia dozi. Anameza mbele yetu kila mara. Ukimkabidhi vyote, siku ya pili homa imeshuka, vilivyobaki vinaishia kwenye tranka kumsubiri rafiki.

Halafu tunaandika ED (excuse duty), karatasi ya kumpumzisha mgonjwa. Ziko mbili: ya kazi, ambayo inamwondoa kwenye mchakamchaka na usafi lakini darasani anaingia, na ya darasa, ambayo inamlaza. Kila moja ina tarehe na saa ya kuisha, nakala kwa matroni na kwa mwalimu wa darasa. ED isiyo na mwisho huishi mpaka likizo.

Saa 4:00 asubuhi
Wapya wanafika na wazazi, fomu ya uchunguzi wa afya mkononi: damu, choo, mkojo, kifua, macho, masikio, wengu, ulemavu na magonjwa sugu. Tunatafuta muhuri, cheo cha daktari na majibu yenye namba. Fomu yenye neno "kawaida" mistari yote, mwandiko mmoja, wino mmoja, ilijazwa bila mtu kuvua hata sweta. Mwanafunzi haturudishi nyumbani; tunamtuma hospitali ya wilaya mzazi akiwa bado hapa, kabla hajapanda basi la kurudi.

Kisha tunamuuliza mwanafunzi akiwa peke yake: unatumia dawa gani kila siku? Umewahi kuanguka na kupoteza fahamu? Ulilazwa lini mara ya mwisho, kwa nini? Familia huficha kifafa na selimundu (sickle cell) kwa hofu ya mtoto kukataliwa, na sisi tunakuja kuyajua saa 8 usiku. Mwenye selimundu akisema mapema, baridi hii tunaiwahi: nguo nzito, maji ya moto ya kuoga, asidi ya foliki kila siku, ED ya mchakamchaka. VVU hatupimi ili kumpokea mtu. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kulazimisha kipimo na inalinda siri. Anayetumia dawa anazifuata kwenye sanduku lenye namba, bila jina.

Dawa zote zinakabidhiwa zahanati, isipokuwa ya kuvuta ya pumu. Hiyo inakaa mfukoni. Kabati lililofungwa halimsaidii anayekosa pumzi.

Saa 7:00 mchana
Barua za kuomba mlo maalumu kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Maharage yakianza kuzoeleka, barua huongezeka. Mlo maalumu tunatoa kwa mwenye majibu ya kipimo, na dozi yake ikiisha tunaujadili upya.

Saa 10:00 jioni
Dozi ya pili, kisha wa kutengwa. Tetekuwanga: mpaka malengelenge yote yakauke na kufanya magamba. Matubwitubwi: siku 5 tangu uvimbe uanze. Macho mekundu: taulo lake peke yake, na hakuna kuoshea majani ya chai wala mkojo. Mzazi akiomba ruhusa amchukue mwenye tetekuwanga kwa basi, tunakataa; ni safari ya zaidi ya saa kumi amekaa bega kwa bega na watoto wa watu. Upele ndio unaotuchosha. Losheni inapakwa kuanzia shingoni hadi nyayo, bweni zima usiku uleule, na mashuka yanafuliwa asubuhi yake. Ukitibu mmoja, unamtibu tena wiki ijayo. Mwasho unaweza kubaki wiki mbili na zaidi hata wadudu wakiwa wameshakufa. Sio sababu ya kupaka kila siku, ngozi itaungua.

Saa 3:30 usiku
Simu kwa wazazi: tatizo, kipimo, dawa, hali ya sasa. "Mtoto wako anaumwa, njoo" bila maelezo humtoa mtu Kigoma bila sababu. Kisha mafuta ya gari, tochi, na daftari la zamu ya usiku: wawili wana dozi saa 2 asubuhi, mpishi akumbushwe karanga.