"Take": neno dogo linalohitaji mwenzake

Kamusi ya mfukoni ikikwambia "take" ni "chukua", haijakudanganya, ila imekupa kipande tu. "Take the bag", chukua begi: sawa kabisa. Sasa nenda duka la dawa lolote Kariakoo. Bahasha imeandikwa 2x3, yaani vidonge viwili mara tatu kwa siku, na kwa Kiingereza maelezo hayo husomeka "Take two tablets three times a day". Hapo "take" ni kumeza. Kwa kuwa Kiswahili husema "kunywa dawa" hata kwa kidonge, wengi huandika "drink medicine". Kiingereza hutumia "take" kwa kidonge na kwa dawa ya maji vilevile.

Mwenye Kiswahili asishangae sana, maana tunalo "piga". Tunapiga simu, pasi, mswaki, kura, hodi na picha, na hakuna anayeumia. Kinachobeba maana ni lile jina (nomino) linalofuata. "Take" inafanya kazi hivyohivyo, ndiyo maana kuikariri peke yake hakusaidii. Kariri "take a photo", "take notes", "take a seat", "take a risk", kila moja kama kipande kimoja kisichovunjwa.

Hiyo "take a photo" ina mtego wake. "Nipige picha" huwafanya watu waseme "Take me a photo", lakini anayepigwa hutanguliwa na "of": "Take a photo of me".

Kwenye usafiri, "take" ni kuchagua chombo: "I take the bus from Kimara to Kivukoni", yaani husafiri kwa mwendokasi. Kile kitendo cha kukanyaga ngazi na kuingia ndani ni "get on". Kiswahili hutumia "panda" kwa yote mawili, hivyo ni lazima ujiulize unataka lipi. Kwa bajaji au teksi, kuingia ni "get in".

Muda ndipo lugha hizi mbili zinapofanana, kwani nasi husema "inachukua saa moja". Lakini usijiachie. Kiambishi "-na-" kinabeba la sasa hivi na la kila siku, basi mtu huandika "It is taking me one hour to reach Posta" akimaanisha kila siku. Kwa jambo la kawaida sema "It takes me an hour to reach Posta". Mpangilio haubadiliki: it, takes, mtu, muda, kisha "to" na kitenzi.

Kosa linalowaponza wengi zaidi kwenye insha na ripoti ni "The meeting was taken place on Monday". Linatoka kwenye "ulifanyika", kitenzi ambacho kwetu kina sura ya kutendeka, hivyo mwandishi anatafuta "was" ya kukilinganisha nacho. "Take place" haina hali ya kutendwa hata siku moja. Mkutano wenyewe ndio mtenda: "The meeting took place at Mnazi Mmoja". Ukiona "was" na "place" zimekaribiana hivyo, futa.

Mtihani nao: "She took the exam" ni kwamba aliufanya tu. Kama alifaulu, ni "passed".

Ukiongeza kineno nyuma, maana inahama tena. "Take after" ni kufanana na mzazi au ndugu wa damu, "take over" ni kushika hatamu. "Take off" ina mbili kubwa: ndege kupaa, ambayo haihitaji kitu mbele yake, na kuvua, inayokihitaji. Kwenye kuvua unaweza kusema "take off your shoes" au "take your shoes off", zote sahihi. Ukitumia kiwakilishi, lazima kikae katikati: "take them off". "Take off them" ni kosa. Lakini "take after" haigawanyiki: "He takes after her", basi.

Neno hili lilifika Uingereza na Waskandinavia, kwao likiwa "taka", likalisukuma nje "niman" la Kiingereza cha kale. Wajerumani bado wana ndugu wa hilo "niman", yaani "nehmen".

Unapojifunza, usianze kusoma kamusi kwenye "take", utachoka kabla ya nusu ukurasa. Anza na jina. Unataka kusema jambo kuhusu likizo? Fungua "leave" kwenye kamusi ya wanafunzi wa Kiingereza, utazame kitenzi kilichoandikwa pembeni yake: "take leave". Andika sentensi nzima daftarini, mara moja kwa "take", mara moja kwa "took", mara moja kwa "have taken", kwa sababu "have took" hutoka midomoni mwa watu wanaozijua maana zote hizi.