Francis Rogallo na Bawa la Kitambaa

Sisi tuliokulia Mombasa tumezoea kuliona tanga la jahazi likining'inia legelege kwenye foromali, kisha upepo wa kusi ukaliingia na kulipa umbo. Francis Rogallo, mhandisi wa Marekani aliyezaliwa California mwaka 1912, aliamini kuwa bawa la ndege nalo linaweza kuundwa hivyo, kwa kitambaa kinachotunishwa na hewa yenyewe.

Tangu mwaka 1936 alifanya kazi Langley, Virginia, katika maabara ya taasisi iliyoitangulia NASA, shirika la anga la Marekani, lakini bawa hili alilibuni nyumbani, nje ya saa za kazi, akishirikiana na mkewe Gertrude. Walijaribia vielelezo vyao mbele ya feni kubwa ya umeme, na bawa lililofanikiwa mwaka 1948 lilishonwa kwa kitambaa cha pazia la jikoni. Hataza, yaani hati ya kulinda haki ya uvumbuzi, iliyotolewa mwaka 1951 ina majina yao wawili, jambo ambalo wasimulizi wengi hulisahau, nami naona ni dhuluma kwa Gertrude.

Miaka ya 1960 NASA ilitaka kulitumia bawa hilo kuvirudisha vyombo vya wanaanga vya mpango wa Gemini kwenye nchi kavu. Majaribio yakachelewa, na wanaanga wakaendelea kutua baharini kwa parachuti. Wakati huohuo, huko Grafton, Australia, John Dickenson aliliona bawa hilo katika picha, na mwaka 1963 akaunda chombo chake cha kuruka kinachovutwa na mashua. Aliongeza fremu ya pembetatu ambayo rubani, akiwa amening'inia kwa mikanda, huisukuma au kuivuta ili kuuhamisha uzito wa mwili wake: akiisukuma mbele, pua huinuka na mwendo hupungua, akiivuta, pua huinama na mwendo huongezeka. Baadaye mafundi waliweka kiti, magurudumu na injini ndogo chini ya bawa la namna hiyo, na hadi leo ndege hizo nyepesi huongozwa kwa fremu ileile.

Ninachomheshimia zaidi Rogallo ni kwamba yeye na Gertrude waliiruhusu serikali ya Marekani kuitumia hataza yao bila malipo, na wapenzi wa kuruka waliojiundia mabawa kwa mianzi na karatasi za plastiki hawakudaiwa mrabaha. Kwa vijana wasio na fedha, ruhusa hiyo ilikuwa na thamani sawa na uvumbuzi wenyewe. Rogallo alistaafu mwaka 1970, akahamia pwani ya North Carolina, karibu na Kitty Hawk, akaendelea kuruka kwa mabawa ya aina yake hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 97.