Michoro ya zamani ya vekta kwenda TIFF: kazi ilipofika

Haya wakuu, mrejesho wa mradi. Folda ya EPS (michoro ya PostScript) inaelekea kuisha, WMF (za Windows) ndo zinaanza, CDR (za CorelDRAW) nimeziweka pembeni kwanza. Kwa anayeingia sasa hivi: nina rundo la michoro ya vekta ya mwishoni mwa miaka ya 80 na miaka ya 90, vielelezo vya vitabu, nembo, chati, ramani ndogondogo, na ninachotaka ni kila mchoro upate picha ya TIFF ya dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) ambayo mtu wa miaka mingi ijayo ataifungua bila kuhangaika kutafuta programu iliyoshakufa. Faili la asili haliguswi, linakaa folda moja na TIFF yake, na kila moja lina cheksamu yake ya SHA-256, namba ya kuthibitisha kwamba halijabadilika.

Kila ninayemwelezea kazi hii huuliza kwanza dpi ngapi, na hilo ndo swali jepesi kuliko yote. A4 kwa dpi 600 ni pikseli 4960 kwa 7016, kama megabaiti 104 za rangi kabla ya kubana, diski za siku hizi zinabeba bila shida. Kinachokula muda ni kujua mchoro ulitakiwa uonekaneje, maana faili la vekta ni maelekezo tu, chora mstari toka hapa mpaka pale, jaza rangi hii, andika neno hili kwa fonti ile, na kila programu inayatekeleza kivyake. Ukishageuza kuwa pikseli umeshamwamulia kila atakayekuja nyuma yako, kwa hiyo sitaki kuamua kwa kubahatisha.

Mfano mzuri ni mistari myembamba. Kwenye PostScript, lugha ya maelekezo iliyomo ndani ya EPS, ukikuta 0 setlinewidth (mafaili ya Illustrator wanafupisha, utaona 0 w) maana yake ni chora mstari mwembamba kabisa ambao mashine yako inaweza, yaani pikseli moja. Sasa mchoraji wa enzi hizo alikuwa anachapa kwenye printa ya leza ya dpi 300, LaserWriter ya 1985 ilikuwa hivyo, pikseli moja pale ni pointi 0.24 na kwenye karatasi inaonekana vizuri tu. Ukichora faili hilohilo kwa dpi 2400 mstari unakuwa mwembamba mara nane, na ukishushia 600 unabaki kivuli cha kijivu ambacho huwezi kujua kama ni mpaka wa ramani au vumbi. Ninachofanya natoa nakala ya kufanyia kazi, nabadilisha hizo sifuri kuwa 0.24, nachora, mstari unatoka pikseli mbili kamili kwenye 600, halafu naandika kwenye faili la maelezo kwamba nimebadilisha nini na kwa nini. Hapo nina sababu ya kusimamia, ndo unene ambao mwenyewe aliuona kwenye karatasi yake.

Kwa nini nachora 2400 kwanza? Kwa sababu ya zile nyuzi nyeupe. Maumbo mawili yanapogusana, mfano wilaya mbili kwenye ramani, programu ikilainisha kingo za kila umbo peke yake, pikseli ya mpakani inafunikwa nusu na umbo la kwanza, halafu la pili linafunika nusu ya kilichobaki, robo ya nyuma inachungulia, na kama nyuma ni nyeupe basi unapata ufa mweupe ambao mchoraji hakuuchora. Dawa ni kuchora bila kulainisha kabisa kwa ukubwa mara nne kisha kupunguza. Ghostscript, programu inayosoma PostScript na kutoa picha, inafanya yote kwa mkupuo, -r2400 na -dDownScaleFactor=4 kwa tiffscaled24, nyufa zinapotea na kingo zinabaki laini, aisee inapendeza. Mafaili yenye rangi za CMYK (rangi nne za uchapaji) nayapitisha tiffscaled32 yabaki CMYK, RGB (rangi za skrini) natengeneza pembeni kwa ajili ya kuangalia tu.

Fonti nazo. EPS nyingi za zamani hazina fonti ndani, zinataja jina basi, na Ghostscript isipoipata inaweka nyingine na kusonga mbele. Kwa Helvetica sina wasiwasi, inaweka Nimbus Sans ambayo vipimo vya herufi ni vilevile, maneno hayahami. Ila fonti ya mapambo ikibadilishwa mchoro umeshakuwa mwingine. Ndo maana skripti yangu haitumii -q (inayoinyamazisha Ghostscript), maneno yote ya terminali naya-save, natafuta kila mahali iliposema imebadilisha fonti, na faili la namna hiyo haliendi kwenye folda ya yaliyokamilika mpaka fonti yenyewe ipatikane.

Kitu kingine cha kuangalia kwa anayefanya kazi kama hii: EPS za upande wa DOS zinazoanza na bayti C5 D0 D3 C6 zimebeba vitu viwili, PostScript yenyewe na picha ndogo ya kuonyesha tu, TIFF au WMF. Kuna programu zinachukua ile picha ndogo na kukupa kama ndo mchoro. Ukiona pikseli kubwakubwa wakati umeomba 600, angalia hapo kwanza.

WMF zina utata wake. Namba za kuratibu ni za biti 16, mwisho 32767, na ukubwa halisi wa mchoro unapatikana tu kama faili lina kile kichwa cha bayti 22 kinachoanza na D7 CD C6 9A, humo ndo kuna mipaka ya mchoro na idadi ya vipimo kwa inchi. Bila hicho kichwa huna inchi wala sentimita, una uwiano tu, kwa hiyo nimeyatenga kwenye folda yao na nitatafuta hati za zamani zilizotumia michoro hiyo nione iliwekwa kwa upana gani.

TIFF zote nabana kwa njia ya LZW, haipotezi kitu na hataza yake ilishaisha Marekani tangu 2003. Zikiisha WMF naingia CDR kupitia libcdr (maktaba ya kusoma CDR) ndani ya LibreOffice, na hapo kila mchoro nitaufungua na kwenye Inkscape, programu nyingine ya vekta, pia niweke matokeo pembeni kwa pembeni, yakitofautiana hata kwa mstari mmoja unasubiri.