Sita au Tisa: Siku Yangu Moja Kamukunji

Saa 10:30 alfajiri. Kayole, mtaa wangu hapa Nairobi, bado imelala. Hakuna matatu, hakuna redio ya jirani, na hapo ndipo nyenje wangu wa masikioni anapojitamba: iiiiii, sauti moja nyembamba isiyo na kituo. Ni mwaka wa tano tunaishi naye. Zamani nikimeza kwinini kwa malaria masikio yalivuma hivihivi, ila mlio ule uliondoka dawa ilipoisha. Huu umehamia na vyombo vyake.

Saa 12:15. Matatu, muziki hadi vioo vinatetemeka. Konda anachezesha midomo, nami nampa noti na kungoja chenji. Ndivyo ninavyoishi na watu wengi siku hizi.

Saa 2 asubuhi. Kamukunji. Mimi ni fundi wa masanduku ya bati, yale ya watoto wa bweni, na huu ni Januari, msimu wetu. Kila kibanda kina nyundo, na kila nyundo ina bati au pipa lililokatwa. Jirani yangu yuko umbali wa mkono tu, na tukiongea tunapiga kelele. Kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 zinasema mfanyakazi asizidishiwe kelele ya desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 8. Katika miaka yangu 22 hapa sijaona mtu akija na kipimo. Na sisi wenyewe tuna msemo wetu, kwamba masikio ya fundi huzoea. Niliuamini mpaka mwaka jana.

Saa 4:20. Mama mmoja mwenye duka ananiagiza masanduku. Namsikia vizuri kabisa: tisa. Naanza kukata bati. Kijana ninayemfundisha kazi ananigusa bega, ananionyesha vidole sita.

Niseme ukweli, hii si mara ya kwanza, na safari moja ilinila bati za hasara. Ndiyo iliyonipeleka kwa daktari wa masikio. Mimi nilikwenda kushtaki mlio, nikitaka dawa ya kuunyamazisha. Yeye akachungulia kwanza kama ni nta imeziba, haikuwa nta, kisha akanifungia kwenye chumba kidogo kimya, na vidude vya kusikilizia kichwani, nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Kuna wakati nilikaa nikidhani mashine imeharibika. Haikuwa imeharibika. Kwenye grafu, mstari wangu ulikwenda vizuri upande wa sauti nzito, ukafika kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 4000, ukatumbukia.

Akaniuliza, "Mzee, sita na tisa zinatofautiana wapi?" Nikafikiri. Irabu ni zilezile, i na a. Tofauti ni kwamba s na t zimebadilishana nafasi tu. Irabu ni nzito na zina nguvu, hizo nazipata zote, ndiyo maana najiona nasikia. S, f, sh, t ni nyembamba, na ndizo nyundo ilizonipokonya. Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vinavyopokea sauti, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Ubongo ukikosa habari kutoka huko, unaongeza sauti kama mtu anayefungulia redio isiyoshika stesheni, na inayosikika ni ile kelele ya ndani. Hivyo ndivyo wataalamu wengi wanavyoueleza mlio huu. Kumbe nyenje anaimbia mahali palipobaki patupu. Hakuna kidonge cha kumfukuza. Vifaa vya kusaidia kusikia huwapa wengi nafuu, kwa sababu ubongo unapata tena kitu cha kusikiliza. Navidundulizia.

Saa 7. Madondo na chapati mbili.

Saa 11 jioni. Nyundo zinapungua. Namuuliza kijana, "Ukifika nyumbani, ukinyamaza, unasikia nini?"

"Mlio kidogo tu, mzee. Asubuhi unakuwa umeisha."

Mimi pia ulikuwa unaisha. Asubuhi moja haukuisha. Masikioni amesokota karatasi ya choo, ambayo haizuii kitu cha maana. Namtoa karatasi, nampa vizibo vya sponji, na kumwonyesha: kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, kisukume ndani, kishikilie mpaka kivimbe. Anacheka kwamba sasa na yeye ni kiziwi. Nimemwambia kesho bila hivyo hashiki nyundo.

Saa 2 usiku. Binti yangu anasimama mbele yangu ndipo anaongea. Hakuna aliyemfundisha. Runinga wamenikataza kuigusa.

Saa 4 usiku. Naweka redio katikati ya stesheni mbili, ile shhh yake kama mvua ya mbali, chini kidogo ya nyenje. Mama watoto anasema mvua hiyo ndiyo inayomnyima yeye usingizi. Nampunguzia.