Jalada la velamu lilipopinda: nilivyolinyoosha

Kila Januari hewa ya Nairobi ikikauka, breviari yangu ya Kilatini, yaani kitabu cha sala za kila siku za Kanisa, ilifunguka yenyewe rafuni, majalada yamejikunja kama chapati ya jana.

Velamu ni ngozi ya ndama iliyolowekwa kwenye chokaa, ikakwanguliwa, kisha ikakaushwa ikiwa imewambwa. Hunywa unyevu upesi na kuutoa upesi. Ndiyo maana wajalidi wa zamani waliviwekea vitabu hivi kamba au vifungo.

Muuza vitabu mmoja mjini alinishauri nipake mafuta. La hasha! Mafuta yangeacha madoa tu. Pasi ni balaa zaidi, maana joto husinyaza ngozi.

Nilitafuta kontena la plastiki lenye kifuniko, nikatia sponji mbichi ndani ya kibakuli na kitabu juu ya wavu, kisiguse maji. Nilichungulia mara kwa mara nisije nikafuga ukungu. Majalada yalipolegea, niliyatenga na kurasa kwa karatasi za kufyonza maji, nikakibana kitabu kati ya mbao mbili, matofali juu, kikauke polepole.

Sasa kinakaa wima, kimebanwa ndani ya sanduku la kadibodi mbali na dirisha, unyevu ukiwa karibu asilimia 50. Mgongo bado umepinda kidogo. Nimeuacha.