Siku moja na Kigutu kando ya mto Mandrare

Saa 11 alfajiri natoka na darubini, daftari na chupa ya maji. Baridi ya Septemba huku kusini mwa Bukini (Madagaska) inauma. Napita kando ya mashamba ya mkonge, na kwa mtoto wa Tanga kama mimi ni kama kupita nyumbani. Msitu wa Berenty, uliohifadhiwa tangu 1936, umebaki katikati ya mkonge huo.

Saa 1 kundi limeshuka kuota jua. Ni lemuri wa mkia wa pete, wanyama wanaofanana na kima, ambao wenyeji huwaita maki; wameketi kitako, mikono wameilaza magotini, matumbo meupe yameelekea jua. Namtafuta Kigutu, jike aliyekatika ncha ya mkia. Amezaa wiki iliyopita. Mtoto amemng'ang'ania tumboni. Baadaye atahamia mgongoni.

Saa 3, mkwajuni. Dume mmoja amepata tawi lenye ukwaju. Kigutu anamwendea, anamzaba kofi, anachukua tunda. Dume analia na kujitoa. Alison Jolly, mtafiti aliyeanza kuwachunguza lemuri hapa mwaka 1963, aliliandika jambo hili: jike mzima humtawala dume yeyote. Nionavyo, anastahili. Amebeba mimba miezi minne na nusu ya ukame, na sasa ananyonyesha kabla mvua hazijafika. Bila mikwaju hii sijui angekula nini.

Saa 6 joto. Wanalala, wanachanana manyoya kwa meno ya chini yaliyopangika kama kitana. Nami nakula wali wangu.

Saa 9 moyo unanienda mbio. Kundi jirani limevuka mpaka, na wanaotoka kulikabili ni majike, watoto wakiwa miilini mwao. Madume wako nyuma, wanasugua mikia kwenye tezi za vifundo vya mikono na kuipunga hewani ili harufu iwafikie wapinzani. Kigutu anaruka, anatua, anaruka tena. Mtoto mchanga huweza kuanguka au kujeruhiwa katika vurugu kama hizi. Kwa dakika kadhaa simwoni kabisa, kalamu imesimama.

Jirani wanarudi nyuma. Wetu wanaitana kwa sauti kama ya paka, wanakusanyika.

Saa 12 jioni wamepanda kulala. Nahesabu 14, kisha narudia na darubini hadi nione kichwa kidogo kwenye kwapa la mama yake. Naandika: Kigutu, mkwaju wa tatu kutoka mtoni. Mtoto yupo, ananyonya.