Kamma Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Ndugu zangu katika Dhamma, mafundisho ya Buddha, wiki hii kuna neno limenikaa kooni: "Anavuna alichopanda maisha yaliyopita." Linasemwa kando ya kitanda cha mgonjwa, tena na sisi Wabuddha tunaoshika sila tano, yaani maadili yetu matano. Tunamaanisha kamma: matendo ya mtu na matunda yake.

Anayezaliwa upya ni nani hasa? Ndugu zetu Wahindu wana jibu lao: Bhagavad Gita, kitabu chao kitakatifu, sura ya 2, ubeti wa 22, inasema nafsi huvua mwili uliochakaa kama mtu avuavyo nguo kuukuu, ikavaa mpya. Mvaaji ni yule yule. Sisi hatuna mvaaji. Bhikkhu (mtawa) Sati, mwana wa mvuvi, aliposhikilia kuwa ni fahamu ile ile inayohama, Buddha alimkemea waziwazi: fahamu huzuka kwa sababu zake, kama moto unavyoitwa kwa kile unachokiunguza. Naye mtawa Nagasena alimwonyesha Mfalme Milinda kwamba mwizi wa maembe hawezi kujitetea eti aliyoyachuma siyo yaliyofukiwa ardhini. Kweli siyo yale, lakini bila yale haya yasingekuwapo. Kwa hiyo mwizi ana hatia. Ndivyo ilivyo kwa anayezaliwa upya na matendo yake ya zamani.

Shida yetu ni kwamba embe hilo tumeligeuza jiwe la kumtupia mgonjwa.

Moliya Sivaka, mtafuta ukweli asiyekuwa mfuasi wake, alimwuliza Buddha kama kila anachohisi mtu kinatokana na matendo ya zamani. Akajibiwa sababu nane: nyongo, kohozi, upepo wa mwilini, hizo tatu zikichanganyika, majira kubadilika, kutojitunza, kushambuliwa, na matunda ya kamma. Kamma ni ya nane, jamani, na sisi tunaanzia hapo! Wanaosema yote ni kamma, alisema, wamevuka wanachokijua wenyewe na kile ambacho watu wote wanakiona ni kweli. Mwenye malaria kaumwa na mbu. Mpeleke akapimwe.

Mkumbukeni yule mtawa mwenye ugonjwa wa kuhara, aliyekuwa amelala katika uchafu wake. Buddha hakuuliza alifanya nini zamani. Aliuliza: Unaumwa nini? Una wa kukuuguza? Hana, kwa kuwa watawa wenzake waliona hana faida kwao. Ananda, mhudumu wa Buddha, akaleta maji. Buddha akamwagia, Ananda akaosha. Mmoja akashika kichwa, mwingine miguu, wakamlaza kitandani. Kisha Buddha akawaambia watawa: anayetaka kunihudumia mimi, amuuguze mgonjwa.

Akataja na sifa za mwuguzaji. Ajue kuandaa dawa. Ajue kinachomfaa mgonjwa na kisichomfaa, alete hiki na kukiondoa kile. Auguze kwa upendo, si kwa kutazamia malipo. Asione kinyaa kuondoa kinyesi, mkojo, matapishi na mate. Na ya tano, baada ya hayo yote, aweze kumfariji mgonjwa kwa maneno ya Dhamma, kila wakati unapofaa.